Majimoto Hawana Pasipoti

Kosa langu la kwanza lilikuwa kucheka jina la watu. Dada yangu, ambaye ni muuguzi Cairns, kaskazini mwa Queensland, Australia, aliniambia kesho tunakwenda pwani kutembezwa na Wakuku Yalanji. Nikamuuliza, je, na wali utakuwepo?

Kumbe kwa wenyeji asilia wale, kuku maana yake ni lugha, usemi. Ndio wenye nchi ile tangu enzi na enzi, msitu wa Daintree mpaka unapogusana na bahari, na mwaka 2021 hifadhi yenyewe ilirudishwa rasmi mikononi mwao. Mimi nimekaa nawaza mchuzi.

Pale Mossman Gorge tulipokewa kwa moshi. Moto unawekewa majani, mgeni anapita kwenye moshi ili mabaya aliyokuja nayo yabaki nje. Wazungu walipita upesi huku wakikohoa kistaarabu. Mie mtoto wa Mkinga, Tanga, niliyefukizwa udi tangu sijaota meno, nilisimama pale pale, nikainua shati moshi upenye vizuri mpaka kwapani. Dada akanifinya. Nyuma yangu foleni ilikuwa imesimama.

Kutoka hapo tukashuka ufukoni, kaskazini mwa Port Douglas, mikononi mwa mzee mmoja ambaye kila mtu alimwita Mjomba. Kule mzee wa heshima huitwa hivyo hata kama hamna undugu, nikajiona niko nyumbani kabisa. Penye njia ya kuingilia pwani kuna bango la mamba, limeandikwa Kiingereza na chini yake Kijerumani. Nikamwambia dada, hawa watu si walitoka Tanga mwaka 1916? Kumbe walipitia huku.

Tukaingia kwenye mikoko, na hapo ndipo kichwa kilipovimba. Kila mti naujua! Mkoko ule na miguu yake ya buibui, mchu, mkomafi na tunda lake kama mpira wa chandimu. Hata kaa koko ni yule yule wa kwetu, magando mpaka unajiuliza analala vipi. Mjomba akinyoosha kidole, mie nishajibu. Akasema Queensland kaa jike haruhusiwi kuvuliwa, akaanza kueleza namna ya kumtambua. Nikamgeuza kaa mwenyewe, nikawaonyesha wageni kifuniko cha tumboni: kipana jike, chembamba dume. Kufikia saa nne nilikuwa naibu mwalimu ambaye hakuna aliyemteua.

Basi ikaja zamu ya mikuki. Mikuki ya mianzi, shabaha ni nazi iliyowekwa mchangani. Mjomba alirusha bila hata kukaza mkono, nazi ikapasuka. Mama mmoja wa Kijerumani akaikosa kwa shubiri. Mie nikajikunja kama ninayekwenda vitani, nikarusha. Mkuki ulikwenda juu. Ulipita nazi, ukapita watu, ukatua kwenye mti wa pembeni, katikati ya furushi la majani yaliyoshonwa pamoja.

Furushi lile nalijua. Yeyote aliyepanda mwembe utotoni analijua. Lakini macho ya wageni yote yalikuwa kwangu, na Mjomba akaita, "Uache, nitautoa mimi." Nani, naibu mwalimu? Nikaruka, nikaushika mkuki, nikavuta.

Lilikuja furushi zima.

Majimoto, wale chungu wanaoshona majani, wa kule wana makalio ya kijani, wazuri kuwatazama. Wa kwetu ni wekundu. Tofauti imeishia hapo. Walinimwagikia kichwani, wakashuka shingoni, na kwa kuwa shati nililichomekea, wakashuka mpaka pasipotajika. Anayeng'ata hung'ata kwanza, kisha hunyunyizia tindikali pale alipong'ata. Nikapiga ukelele wa Kidigo ambao marehemu bibi angeusikia, nikakimbilia baharini.

"Majini usiingie! Mamba!"

Nikafunga breki, maji yakiwa vifundoni. Mbele mamba, kwenye suruali majimoto. Nilisimama pale sekunde mbili hivi, na ndizo ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi. Kisha nikavua. Shati, suruali, vyote isipokuwa kile cha mwisho, mbele ya watalii kumi na moja, nikiruka mguu huu na mguu huu na kujipiga mapaja kama mpiga ngoma aliyekosa ngoma.

Mmoja alikuwa ameingia mdomoni, nikamtafuna kwa hasira. Ndimu tupu! Mjomba, huku akinipangusa mgongo kwa kitawi, hakuacha somo lake hata kidogo: akawaeleza wageni kwamba wao huwaponda chungu hawa na kuwatia kwenye maji, ni dawa ya mafua. Wageni wakawa wanaokota walioanguka kutoka kwangu, mmoja mmoja, wanaonja. Mama wa Kijerumani alirudia.

Dada alikuwa amekaa mchangani, simu mkononi, machozi yanamtoka, akijaribu kumfafanulia Mjomba kwa nini asubuhi ile nilicheka, na kuku kwetu ni nini hasa.

Mjomba akanitazama, nimesimama na chupi, mikono nimeitanua nikijikung'uta.

"Na ninyi," akamuuliza, "huwa mnamnyonyoa akiwa hai?"