Sikuruka majini, nilipuliza filimbi tu

Naomba nianze na hili kabla ya yote: SIKURUKA MAJINI. Shem wangu katuma voisi ya dakika nne kwenye grupu la ukoo eti niliruka, na leo asubuhi kuna anti mmoja wa Musoma ambaye hata sijawahi kumuona kanipigia kuniuliza kama maji yameshatoka masikioni. Sasa nisikilizeni mimi mwenye aibu yangu.

Mnajua mi ni mtu wa Dodoma. Maji mengi niliyowahi kuyaona kwa macho yangu ni bwawa la Hombolo, tena nimesimama mbali. Waifu ni Mkerewe, alitangulia na watoto, mi nikafuata na shem tukapandia meli Mwanza kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, masaa matatu na kitu hivi. Na siwadanganyi, ilikuwa raha. Tunaiacha bandari, lile Jiwe la Bismarck linabaki nyuma mpaka linakuwa kama kokoto, upepo, karanga, soda baridi, nikajipiga picha miguu juu ya benchi nikaweka stetasi "bata ziwani" (mliocheka mkasema nisitapike nimewaona, skrinshoti ninazo). Shem akanionyesha majaketi ya kuokolea yalipopangwa, nikamwambia hayo ya watoto. Ila moyoni niliyahesabu. Sisi tuliokua tunasikia wakubwa wakihadithia Mei 1996, MV Bukoba ilipozama, hatuna utani na meli, tunajikaza tu.

Nikasinzia.

Kilichoniamsha ni honi. Jamani ile honi haipigi pii, inalia kama madume ya ng'ombe mia yamekanyagwa mkia kwa mpigo, na mi nimelala chini yake. Nafumbua macho, injini imenyamaza. Naangalia watu, wote wanakimbilia upande mmoja na mizigo yao, mmoja ana godoro kichwani. Halafu meli ikainama. Kidogo, sasa hivi ndo najua ilikuwa kidogo tu, ila wakati ule nikaiona soda yangu inatembea yenyewe juu ya benchi, inawafuata wale watu, polepole, haina haraka, nikaisindikiza kwa macho mpaka ukingoni, ikadondoka, na mi nikajua ndo basi tena.

Shem hayupo (alikuwa chini anatafuta begi lake, hiyo kwenye voisi hajaisema). Nikavuta jaketi, kichwa kikapita kwenye tundu la mkono, nikalitoa, nikalirudia, kamba nikazipiga mafundo matatu yale ya kufungia mbuzi. Hapo ndo nikakaona kafilimbi. Kumbe kwenye jaketi kuna kafilimbi kananing'inia, na mi nani nisikapulize? Nikapuliza kama refa kaona penati. Pembeni kulikuwa na bibi na kapu lake anajikongoja kwenda kule kule walikokimbilia wenzake, kifoni kabisa, nikamdaka mkono nikaanza kumvuta upande wa pili, "Bibi njoo huku! Tuisawazishe! Tuisawazishe meli!" Yeye anavuta, mi navuta, huku napuliza. Watu wakageuka. Kimya. Bibi akaniangalia, wala sio kwa hasira, kwa huruma, ile unayomwangalia nayo mgonjwa, akasema taratibu,

"Mjukuu wangu, tumefika."

Nikageuza shingo. Gati lilikuwa hapo hapo, ningeweza kulitemea mate. Kuna mtoto amekaa juu ya tairi anakula muwa, kaacha kutafuna. Na nyuma ya huyo mtoto wamejipanga, na nguo zao za kanisani, waifu, wanangu wawili, mama mkwe na baba mkwe, wamekuja kumpokea mkwe.

Mnasema si ungevua jaketi. Nyie, mafundo ya mbuzi hayafunguki mikono ikitetemeka. Nikashuka nalo. Nikainama, "Shikamoo mama", filimbi ikaning'inia katikati yetu. Mama mkwe akaitikia marahaba kanga iko mdomoni, mabega yanacheza. Baba mkwe yeye hakucheka hata kidogo, akanitazama kuanzia juu mpaka chini akauliza,

"Baba, kwani mmezama wapi?"

Baharia akaja na kisu akakata kamba akachukua jaketi lake, tukaenda nyumbani, tukala sato na muhogo, nikaenda kulala mapema. Mwanangu wa pili sasa hivi ana filimbi, sijui kanunuliwa na nani, anaipuliza kila nikitoka chooni.

Kesho walitaka kunipeleka Ukara nikaone lile jiwe linalocheza. Nikauliza tunafikaje, wakasema boti. Nikasema tumbo linasumbua, jiwe licheze tu lenyewe. Usiku nikamnong'oneza waifu, kwani kurudi hamna njia ya gari? Akasema ipo, tunapitia Bunda. Nikashukuru Mungu kwa sauti. Akaniacha nimalize kabisa kushukuru, ndo akaniambia pale Rugezi kwenda Kisorya kuna kivuko.