Kabla ya kunichoma kidole, niulize siku zangu

Januari ya mwaka juzi mume wangu alishtuka usingizini akanikuta nimesimama dirishani na kanga moja, dirisha wazi, nje theluji. "Unataka kutuua?" akasema, akajifunika blanketi gubigubi. Sikumjibu. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni kama niko Kibirizi, kwetu Kigoma, saa saba mchana nageuza dagaa kwenye chanja. Na hapo ni Leicester, Uingereza, ambako bili ya gesi ikifika mlangoni nyumba nzima inanyamaza.

Wazo langu la kwanza lilikuwa malaria. Msicheke. Mtu aliyezaliwa Ujiji, mwili ukimchemka usiku, jasho na baridi vikipokezana, hana jina jingine la kulipatia jambo hilo. Nilikuwa na miaka minne sijakanyaga Kigoma, lakini nilimpigia simu mdogo wangu nimwulize kama kuna mtu anakuja huku anibebee dawa ya mseto. Akaniambia, "Dada, mimi mwenyewe wiki iliyopita nimemaliza dozi." Alipimwa, kipimo kikaonyesha hana, akapewa dawa hivyohivyo. Mwezi uliofuata akaambiwa ni taifodi. Wa tatu, UTI. Mimi nilikuwa na miaka 47, yeye 45, na wote wawili tunaamka saa tisa za usiku tumelowa.

Hakuna aliyemwuliza siku zake za hedhi zinakwendaje, wala aliyewaza ukomo wa hedhi. Na kabla hamjasema "ndiyo Bongo hiyo", huku nako hawakuniuliza.

Nilikwenda kwa daktari wa mtaani kwetu, nikapewa dakika kumi zangu. Nikamweleza: silali, moyo unadunda bila sababu, viungo vinauma, nalia kwenye basi. Nikamweleza na lile lililonitisha kuliko yote. Nafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kabati la dawa lina namba nne za kubonyeza. Nimezibonyeza miaka sita. Usiku mmoja nimesimama mbele ya kabati, kidole hewani, namba hazipo. Ningezichanganya ningeelewa. Hazikuwepo kabisa, kama mtu kazifuta kwa tambara. Bibi mmoja ananisubiri na kidonge chake cha presha, mimi nakodolea vitufe. Nikaenda chooni nikakaa, nikarudi, vidole vikakumbuka vyenyewe.

Daktari alisikiliza, akaniandikia dawa za sonona. Sizipondi dawa hizo. Zimewafaa wengi, na baadhi yake hupunguza haya majoto kwa mwanamke asiyeweza kutumia homoni. Ila mimi nilikuwa mwanamke wa miaka 47 ambaye hedhi yake inakuja baada ya siku 20, halafu 50, halafu 23. Yeye hakuliuliza hilo, nami sikulisema, maana aliyekaa mbele yangu ni kijana ambaye ningeweza kumzaa, na sisi tumelelewa kwamba mambo hayo hayatajwi mbele ya kijana.

Mwaka ukapita hivyo. Aliyenifumbua macho ni nesi. Nilikwenda kwa kipimo cha mlango wa kizazi, ambacho huku barua inakuita hata kama huumwi popote, na katika kujaza fomu akaniuliza mara ya mwisho kuona siku zangu ilikuwa lini. Nikahesabu kwa vidole. Akaweka kalamu chini. "Na usingizi je, unalala?" Maswali mawili tu. Nikalia palepale, nimelala kitandani, shuka magotini.

Huu ukomo wa hedhi wenyewe wala si jambo la ajabu. Wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na hesabu ya kukoma ni miezi 12 kamili bila kuona damu. Kabla ya hapo kuna miaka ya vurugu. Ovari, vifuko vya mayai, zinafanya kazi kwa kushtukiza, homoni ya estrojeni leo iko juu kesho iko chini, na ile sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili inapotoshwa, inadhani unaungua, inakufungulia jasho. Usingizi unaondoka, viungo vinakaza, ukeni kunakauka, hamu inapotea, hasira zinakuja bila kubisha hodi. (Na jamani, siku kuvurugika si siku kukoma. Mimba inashika. Jirani yetu Ujiji alidhani ameshamaliza kazi, akapata kitinda mimba na miaka 46.)

Jambo lililonishangaza ni hili: mwongozo wa matibabu wa Uingereza wa mwaka 2015 unasema mwanamke aliyevuka miaka 45 mwenye dalili hizi hahitaji kipimo cha damu kuthibitishiwa. Homoni zinapanda na kushuka, damu ya leo haikwambii ya kesho. Anayehitaji vipimo ni mdogo wa hapo, hasa aliye chini ya miaka 40. Kwa wengine wote kipimo ni kuuliza, na zahanati isiyo na umeme wala maji ya bomba inaweza kuuliza. Sisemi watu wasipimwe malaria. Kigoma malaria ipo kweli, na anayetoka jasho usiku achomwe kidole. Ninachodai ni kwamba kipimo kikishasoma hana, asirudishwe nyumbani na mfuko wa dawa kabla hajaulizwa swali moja.

Sasa nije kwa kina mama wenzangu wa huku. Kwenye vikundi vyetu vya kuzikana kuna msemo mtu akilalamika joto: mama zetu hawakuwa na mambo haya, haya ni maradhi ya wazungu. Nami niliuamini mpaka nilipokwenda nyumbani mwaka jana.

Mwaka 1988, nikiwa na miaka 12, mama alikuwa na tabia ya kutoka nje usiku wa manane. Anakaa barazani na ndoo ya maji, anachovya ncha ya kanga, anajipangusa shingo na kifua, macho ziwani. Baba alikuwa mvuvi wa dagaa. Taa za karabai zilikuwa zimejipanga kule majini kama mji wa pili, na sisi watoto tulijua mama anamngoja baba. Nilikua na picha hiyo kichwani, na kwenye harusi yangu niliisimulia kama mfano wa mapenzi. Mwaka jana tumekaa baraza ileile, mwezi umejaa, ziwa leupe tupu, ndipo nikang'amua jambo ambalo mtoto wa mvuvi alipaswa kuling'amua zamani: wakati wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, maana taa haivuti kitu. Na mama alikuwa anakaa nje hata mbalamwezi, baba yuko ndani anakoroma.

Nikamwuliza. Ana miaka 82 sasa, alikuwa anachambua mchele kwa mwanga wa taa ya mlangoni. Hakuinua uso.

"Nilikuwa nawaka, mwanangu. Humu ndani kulikuwa tanuri." Akatupa kijiwe. "Wakasema nina jini. Nikanyweshwa kombe la aya miezi."

"Likasaidia, mama?"

"Roho ilitulia. Moto ulikuwa palepale."

Halafu akanieleza kwamba shangazi alimwonya asimwambie baba kuwa siku zake zimeyumba, asije akaoa mwingine. Akanyamaza miaka minne. Kila nikisikia ule msemo wa maradhi ya wazungu naiona ile ndoo.

Mimi leo nabandika plasta ya estrojeni nyongani mara mbili kwa wiki, na usiku nameza homoni ya pili, projesteroni. Ndani ya mwezi nikaanza kulala. England tangu Aprili 2023 kuna cheti unacholipia mara moja, kinakugharamia dawa hizi za homoni mwaka mzima. Mwaka 2024 nililipa pauni 19.80, zaidi kidogo ya shilingi 60,000. Wenzetu wa Scotland na Wales hawalipi hata senti. Si kwamba mambo yote ni shwari: mwaka 2022 dawa ziliadimika mpaka serikali ikateua mtu wa kushughulikia uhaba huo tu. Na tangu televisheni ianze kulizungumza jambo hili, wamejaa wafanyabiashara. Chai ya ukomo, nguo za kulalia za ukomo, vidonge vya mitishamba vya pauni arobaini. Nimenunua ile chai. Ilikuwa chai.

Hofu nayo ilikuwepo. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002 uliwatisha wanawake dunia nzima na saratani ya matiti, wengi wakazitupa dawa. Niliyoelezwa ni haya: hatari ipo kwa wanaotumia homoni mbili pamoja, ni ndogo, na huongezeka kadiri miaka ya kutumia inavyoongezeka. Kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye haijapita miaka 10 tangu akome, mara nyingi faida huzidi. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti kwa kawaida hapewi. Na ya kubandika haileti ile hatari ya damu kuganda inayokuja na vidonge.

Mdogo wangu aliposikia ninalala, akaniambia maneno mafupi: "Dada, niletee na mimi. Pakiti sita zinatosha."

Nilizunguka maduka ya dawa ya Mwanga, palepale Kigoma, nikiwa likizo, sikuzipata. Kwenye begi nilikuwa nazo za kwangu za miezi mitatu. Nikamnyima. Tulikaa wiki mbili hatusemi vizuri, na kwa mtu ambaye kila mwaka namletea viatu, vitamini na simu, kumnyima plasta kulionekana ubahili wa Kizungu. Lakini estrojeni peke yake kwa mwanamke mwenye kizazi hunenepesha ukuta wa kizazi, na huko ndiko saratani inakoweza kuanzia. Lazima iende na projesteroni. Tena yeye alikuwa na jambo ambalo mimi sikuwa nalo. Ramadhani ile alitoka damu siku 17.

Na hapa niseme la haki kuhusu nyumbani. Mtu pekee Ujiji nzima aliyemwuliza mdogo wangu siku zake ni mwalimu wake wa madrasa, mama wa makamo. Alikwenda kumwuliza kuhusu funga. Yule mama akamsaili kama polisi: imeanza lini, rangi gani, nyepesi au nzito, mwezi uliopita ilikuwaje? Akamwambia kwa madhehebu yetu ya Shafi hedhi haizidi siku 15, ikipita hapo ni istihadha, damu ya ugonjwa. Oga, tawadha kwa kila sala ya faradhi, funga. Kisha akaongeza, "Na kama ni damu ya ugonjwa, mwanangu, ugonjwa una hospitali."

Akaenda. Picha ya kizazi ikaonyesha uvimbe, ule ambao estrojeni inaulisha. Damu yake ilikuwa chini, akapewa vidonge vya chuma. Wakamfanyia na kipimo cha siki cha saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, akakutwa salama. Ningemwachia zile plasta, sijui leo ningekuwa naandika nini.

Wanaoniuliza bora wapi, nawajibu hivi. Huku nina plasta, na saa tisa za usiku ninazo kuta nne. Nikitoka nje kukaa kwenye ngazi, jirani anafunua pazia kuangalia kuna nini. Mdogo wangu hana plasta, ana mkeka nje na wifi zetu wawili ambao nao hawalali. Wanapepeana kwa kipepeo kimoja na kuwasengenya wanaume waliolala. Nimekaa nao usiku kadhaa. Sijacheka hivyo miaka mingi. Lakini mkeka hauonyeshi uvimbe, na ningependa watu waache kuusifu kana kwamba unatosha.

Nilichomwachia badala ya plasta ni kalenda ya ukutani na kalamu mbili. Nyekundu kwa siku za damu, bluu kwa usiku wa kuungua. Aliniona nimechanganyikiwa. Mwezi uliopita ameikunja kalenda yote, akaitia kwapani, akaenda nayo kliniki. Kanitumia ujumbe wa sauti kutoka Kibirizi, nyuma yake watu wanabishania bei ya ndoo ya dagaa. Anasema nesi aliichukua kalenda akacheka kwanza, halafu akauliza hizi za bluu ni nini. Alipoelezwa akainuka akafunga mlango, akarudi kukaa, akasema yeye ana miaka 48 na shuka zake anazianika kila asubuhi. Kipimo cha malaria hakikutajwa siku hiyo. Wameongea mpaka foleni nje ikaanza kugonga.

"Sasa dada," anamalizia, "kalenda amebaki nayo, anaitolea kopi. Tuma nyingine."