Tusingoje mzee aanguke ndio tuanze kuchanga

Sisi watu wa magharibi ya Kenya tunajua kuchanga, hilo hakuna mtu atatufundisha. Mzee akilazwa, ile grupu ya WhatsApp ya familia iliyokuwa kimya tangu Krismasi inaamka, mweka hazina anachaguliwa hapo hapo, wa Nairobi anatuma, wa Nakuru anatuma, hata yule wa Qatar anatuma. Akifariki ndio kabisa, tenti, ng'ombe, basi la kuleta watu, kila kitu kinapatikana. Sipingi hayo, ni heshima kwa wazazi wetu. Lakini ile ngazi ya choo iliyomuangusha, mbona hakuna mtu aliichangia ikiwa bado ni kazi ya simiti kidogo na fundi wa siku moja?

Naandika hii juu naona jambo moja likijirudia kwa maboma mengi sana, kutoka Luanda mpaka Ahero. Mama alikuwa tu sawa, analima mboga zake, anaenda kanisa, halafu usiku mmoja anatoka kwenda haja, kuna giza, mvua imenyesha, anateleza na nyonga inavunjika. Kutoka hapo maisha yake hayarudi vile yalikuwa. Nyonga ya mtu wa miaka 75 si kama mkono wa mtoto aliyeanguka kutoka kwa mti wa mapera, mara nyingi inataka upasuaji, na akilala kitandani wiki baada ya wiki anapata vidonda vya mgongo, homa ya mapafu, damu inaganda miguuni, na zile nguvu alikuwa nazo zinaisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na wengi wao ni wa zaidi ya miaka 60.

Kwa hivyo mimi nasema tuanze na njia ya kutoka kitandani mpaka choo. Ukienda ocha, yaani nyumbani kijijini, usikae tu sebuleni unywe chai halafu ukumbuke matatu ya saa kumi. Ngoja usiku uingie, utembee hiyo njia mwenyewe, polepole, ukiwa umevaa patipati kama zake, na simu iache ndani. Utaona mkeka umejikunja mlangoni, utakanyaga jembe mtu ameacha, utakutana na kamba ya nguo kwa kimo cha shingo, na ukifika chooni utagundua hakuna pa kushika. Hayo yote yanatengenezeka. Taa ya sola ukutani, kokoto mahali pana matope, bomba la chuma lishikishwe kwa simiti pale anapochuchumaa ndio ajivute akiinuka, na kama magoti yamekataa kabisa fundi wa mbao anaweza kutengeneza kiti chenye tundu kikae juu ya shimo. Hizo patipati zilizoisha soli nazo zitupwe, mnunulie viatu vya kushika kisigino.

Usiku mimi napendelea ndoo yenye mfuniko kando ya kitanda. Najua wazee wengine watakataa, hasa wanaume, na kwa maboma mengi huku kwetu mke wa mtoto hawezi kushika ndoo ya baba mkwe wake, hiyo ni heshima na tusiidharau. Basi mpange mapema, mjukuu wa kiume aimwage asubuhi. Lakini msiache tu ati juu ni aibu kuongea.

Kitu kingine hakisemwi sana ni kwamba wazee wetu wanakataa maji kwa sababu ya hicho choo. Mama anajua akikunywa jioni ataamka usiku, na usiku anaogopa nje, kwa hivyo anakunywa chai kikombe kimoja asubuhi na basi. Na uzee wenyewe unapunguza kiu, mwili unaweza kukauka na hasikii kiu kabisa. Sasa kukosa maji kunaleta kizunguzungu, choo kigumu, na kunaweza kuchangia maambukizi ya mkojo, na hayo maambukizi kwa mtu mzee saa zingine hayaanzi na maumivu, yanaanza na kuchanganyikiwa. Jana alikuwa anakuita jina lako, leo anakuita jina la ndugu yake aliyekufa kitambo. Hapo ndio watu wanaanza kusema ni uzee, ama mtu amemfanyia kitu. Tafadhali, mzee akichanganyikiwa ghafla apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, inaweza kuwa mkojo, malaria, sukari imeshuka, ama stroku, na mengi ya hayo yanatibika yakiwahiwa.

Kwa dawa nitasema kwa ukali kidogo. Presha haisikiki, kwa hivyo wazee wengi wanameza tembe siku ile tu kichwa kinauma, zingine wanaweka akiba. Halafu magoti yakiuma mtu anatumwa kwa kemisti kuleta diclofenac, inamezwa mwezi mzima bila daktari kujua. Hiyo dawa inaweza kupandisha presha, kuumiza figo na kutoboa tumbo, na kwa mtu mzee hatari ni kubwa zaidi. Kusanya dawa zote ziko kwa nyumba, hata zile za kwa droo na za mitishamba, weka kwa mfuko mmoja, uende nazo kliniki daktari azione pamoja. Muulize pia kuhusu kizunguzungu akisimama, juu dawa za presha zinaweza kukileta, hasa zile za kukojoza. Asiache kumeza, lakini akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja ama mbili, achezeshe miguu, ndio asimame. Kupima presha nayo si lazima safari, wale wahudumu wa afya ya jamii waliopewa vifaa 2023 wanapita nyumbani na mashini, ulizia wa kijiji chenu ni nani.

Macho pia. Mtoto wa jicho anatolewa kwa upasuaji mfupi na mtu anaona tena, na huku tuko na hospitali ya macho ya Sabatia pale Vihiga, kwa hivyo sielewi mzazi akiachwa anapapasa kuta miaka na miaka.

Najua kuna mtu atasema pesa. Ni kweli hali ni ngumu, na zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, pesa za serikali kwa waliofika miaka 70, hazifiki mbali. Lakini mengi ya haya yanataka mtu zaidi ya pesa, na huyo mtu kwa kila boma yuko, ni yule dada aliyerudi nyumbani ndoa ikikataa, ama mke wa kitinda mimba, ama mjukuu aliyemaliza fomu foo akakosa karo. Yeye ndiye anageuza mzee kitandani, anafua shuka, anaamka saa nane usiku, na kwa grupu jina lake halitajwi juu hajatuma kitu. Hilo linaniuma sana. Yeye anachanga kuliko sisi wote, na alipwe kitu kila mwezi kama vile mngemlipa mtu wa nje. Na kabla hamjapanga nani atatuma ngapi, mpigieni yeye simu kwanza, mumuulize mgongo wake ukoje na analala masaa mangapi, halafu mmoja wenu aje Desemba hii akae na mzee wiki mbili, yeye aende mahali apumzike.