Leseni huria haimnyang'anyi mwalimu somo lake
Kuna mwandishi anayedai kwamba mwalimu akiweka masomo yake mtandaoni kwa leseni huria, yaani ruhusa ya wazi kwa watu wote kuyatumia, basi ameyagawa na hayana mwenyewe tena. Si kweli, na kauli hiyo inawatisha watu wenye mengi ya kufundisha. Leseni za Creative Commons, ambazo ni leseni huria zilizoanza kutolewa mwaka 2002, zinamwachia mtunzi hakimiliki yake; anachotoa ni ruhusa, tena yenye masharti. MIT, chuo kikuu cha Marekani, imeweka masomo yake wazi kwa mojawapo ya leseni hizo, CC BY-NC-SA: taja chanzo, usifanyie biashara, na ukirekebisha, sambaza kwa masharti yaleyale. Mimi huandaa masomo ya video, na ninachoona kikiwaponza wenzangu ni kingine kabisa: mchoro uliookotwa mtandaoni unabandikwa kwenye slaidi, kisha somo zima linapewa leseni huria. Huwezi kutoa ruhusa ya kitu kisicho chako! La kupima kwa makini ni kwamba ruhusa ikishatolewa, aliyekwisha kuchukua nakala hanyang'anywi. Nyinyi mnaouza kozi, mikataba ya majukwaa yenu inawaruhusu kutoa somo hilohilo kwingine?