Umemwambia mwenye shamba?

Kila nikiposti picha ya tai au bundi, komenti ya tatu au ya nne huwa ni ile ile: "Wapi hii? Tuma pini." Hakuna salamu, hakuna hata picha safi, pini tu, kama vile nimeficha ukumbi wa harusi. Na siku hizi situmi. Kuna mtu aliandika kwenye grupu ati najifanya ndege ni wa babangu, sawa tu, lakini wacha nieleze maana sikuanza hivi, mimi ndio nilikuwa namba moja kurusha pini, nilikuja kufunzwa adabu na mzee mmoja mwenye shamba la maharagwe.

Miaka kadhaa imepita, nilipata kiota cha yule tai mkubwa wa msituni, mwenye kishungi na kifua cha madoadoa, anayebeba kima kama wewe unavyobeba mkate kutoka dukani. Kiota kilikuwa juu ya mkaratusi kwa shamba la mtu kando ya msitu, huko milimani, zaidi ya hapo sisemi. Ndani kulikuwa na kinda mmoja mweupe. Sasa mjue huyu ndege hutaga yai moja au mawili lakini anayekua ni mmoja, na kwa kawaida jozi moja hutoa kinda mmoja kila miaka miwili, yani ukiharibu kiota kimoja umeharibu miaka. Haya yote nilikuwa nayajua, nimeyasoma, na bado furaha ilinipanda kichwani nikaweka picha Fesibuku na pini juu, nikaenda kulala najiona bingwa.

Jumamosi iliyofuata zikaja gari tatu, wiki iliyofuata tano. Kuna aliyekuja na droni akairusha mpaka usawa wa kiota. Kuna aliyecheza sauti ya tai kwa spika ili mama ageuke aangalie kamera. Wakakanyaga maharagwe, wakaacha geti wazi ng'ombe wakatoka, moja ikagongwa pale pale pikipiki ya maziwa inapopita. Na katika watu wote hao hakuna hata mmoja aliyebisha hodi. Hayo nilikuja kuyasikia baadaye, siku niliyorudi nikakuta kisiki. Mzee ameuza mti, ukapasuliwa mbao.

Nikamuuliza, "Mzee, na yule ndege?"

Akasema, "Kijana, huyo ndege nimekaa naye hapa miaka mingi, hata mwanambuzi wangu alimbeba nikanyamaza. Nyinyi ndio nimeshindwa kukaa nanyi."

Sikuwa na la kujibu. Mimi mawazo yangu yote yalikuwa kwa majangili, watu wa mitego na magunia usiku, kumbe hatari ilikuja mchana na lenzi ya laki tatu na kofia ya jua. Na mimi ndiye niliyeielekeza njia.

Ndio maana nikisikia watu wanabishana tuseme au tufiche, naona mjadala wote umekaa vibaya. Swali langu ni nani anaambiwa kwanza. Tunawaambia watu elfu nne kwenye grupu ambao wengi hatujawahi kuwaona, halafu mwenye mti, mwenye ng'ombe, yule mtoto anayechunga pale chini kila siku, hao hawaambiwi kitu. Wakati hatima ya kile kiota iko mikononi mwao, si mikononi mwetu.

Sasa msinielewe vibaya ati nasema msirekodi. Rekodini jamani! Kuna utafiti ulitoka 2022 ukilinganisha hesabu za ndege mbuai na tumbusi zilizofanywa barabarani hapa Kenya tangu miaka ya 1970 na za miaka ya karibuni, na katika aina 22 walizoziangalia 19 zimepungua. Tusingejua hilo kama hakungekuwa na watu waliokuwa wakiendesha gari huku wanaandika kwa daftari tai mmoja, mwewe wawili, kilomita fulani. Mtu akifunga mdomo kabisa kwa kuogopa, naye ni hasara.

Tofauti ni unaandika wapi. Kuna mitandao ya kurekodi ndege na viumbe unaoona. Kenya Bird Map inachukua rekodi zako kwa miraba ya karibu kilomita 9 kwa 9, hapo hakuna mtu atapata mti. eBird ya chuo cha Cornell ina orodha ya ndege nyeti na hao huonyeshwa kwa mraba wa kilomita 20 kwa 20 tu, iNaturalist nayo husogeza pini ya ndege walio hatarini mahali pengine mbali. Mwanasayansi atapata anachotaka. Anayekosa ni yule wa droni. Lakini Fesibuku na WhatsApp hazina huruma hiyo, na hata ukiondoa pini picha yenyewe inaropoka, nyuma unaona mlingoti wa simu, kanisa lenye paa la bluu, mtu wa huko anajua hapo ni wapi kabla hajamaliza chai yake.

Kuna jamaa yangu mmoja huniletea mfano wa Scotland kila tukibishana. Pale Loch Garten kulikuwa na jozi ya tai wanaovua samaki, ndege waliokuwa karibu kuisha Uingereza, na 1958 mtu akapanda usiku akaiba mayai. Mwaka uliofuata RSPB, shirika la kulinda ndege la huko, badala ya kuficha likafungua, njooni muone, na watu kama 14,000 wakaja, na makinda wakatoka salama. Unaona? ananiambia, uwazi ndio ulinzi. Namwambia ndio, lakini soma mpaka mwisho, kulikuwa na kibanda cha kuangalilia, kulikuwa na walinzi mchana na usiku. Wewe ukirusha pini saa nne usiku ukiwa kitandani, nani amelala chini ya mti huo?

Mfano wa karibu zaidi ninaoupenda ni wa msitu wa Arabuko-Sokoke, pale Gede. Kuna bundi mdogo pale, uzito wake kama gramu 50, unaweza kumfunika kwa kiganja, aliandikwa na wanasayansi mara ya kwanza 1966 na nje ya msitu ule anajulikana sehemu chache sana. Ukitaka kumuona hakuna pini itakusaidia maana mchana analala kwenye kichaka akifanana na jani kavu, na kesho amehamia kichaka kingine. Inabidi umlipe kijana wa pale aliyeamka alfajiri kumtafuta, akupeleke polepole, akwambie simama hapa, usiwashe flashi, dakika tano zimetosha twende. Huyo kijana ana chakula chake pale. Mtu akija na ujinga anamfukuza mwenyewe, hangojei askari wa msitu. Lokesheni iko kichwani mwa mtu anayemhitaji bundi akiwa hai, na watalii wanaona, na hakuna siri yoyote hapo, kila mtu anajua wako Sokoke!

Tena huyo ni bundi, ndege ambaye nyumbani kwetu akilia juu ya paa mtu anatafuta jiwe.

Ukweli usemwe pia, pini zetu siyo zinazomaliza tai wengi. Wengi wanamalizwa na sumu, mfugaji ameliwa ng'ombe na simba anatia dawa kwenye mzoga, tumbusi wanashuka mia wanakufa pale pale. Majangili nao hutia, Botswana 2019 walikufa tumbusi 537 kwa mkupuo mmoja kwenye mizoga ya tembo waliyoitia sumu. Nyaya za stima nazo zinaua. Kwa hivyo mtu akiniambia nakuza jambo dogo namwelewa. Lakini nyaya siwezi kuzihamisha, simu yangu naweza kuizima.

Na wale wanaosema ah, nani atakuja mpaka huku kuiba kinda, hebu kumbukeni 2025, vijana wawili kutoka Ubelgiji walikamatwa Naivasha na malkia wa sisimizi karibu elfu tano, wamepangwa ndani ya mirija, mahakama ikawapiga faini ya milioni moja kila mmoja. Sisimizi jamani! Kama kuna soko la sisimizi, kinda la kozi litakosa mnunuzi?

Basi mimi siku hizi kiota sikiposti mpaka kinda ameruka na kuondoka, hata kama ni miezi. Ndege anayepita angani naposti nikijisikia, huyo keshaenda zake. Na kabla ya yote natafuta mwenye pale, nakaa, nakunywa chai, namwonyesha kwa darubini. Darubini inafanya kazi ambayo maneno hayafanyi, mtu akiona jicho la ndege karibu hivyo hunyamaza kidogo.

Mwaka jana nilimwonyesha mama mmoja bundi mkubwa kwenye mgunga wake, yule mwenye kope za rangi ya waridi kama amepaka wanja wa harusi. Mama alikuwa ameshamuita kijana wa panga, mti ukatwe, maana kilio kile ni cha msiba. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Akasema atanipa mwezi mmoja, na kama kuna mtu atakufa hapo bomani nitamjua yeye ni nani. Nikamwambia watu wakija kumuona walipe mia tano, zake, mimi sichukui hata shilingi, na idadi aseme yeye.

Mwezi haujaisha, asubuhi saa kumi na mbili simu ikaingia meseji: "Bundi wako amelia usiku kucha na hakuna mtu amekufa. Jumamosi lete watu wawili, wasizidi."