Excel siyo hifadhidata, jamani

Hivi ni ofisi ngapi mjini hapa zinaendesha kila kitu kwa faili moja la Excel? Wateja humo, madeni humo, stoo humo. Ukiomba orodha unatumiwa kwa WhatsApp "Wateja_MPYA_final2", hujakaa sawa mwingine anakurushia "final3_HII NDIYO". La kweli ni lipi? Hakuna ajuaye, na kila mtu kesharekebisha la kwake.

Halafu namba za simu. Unaandika inayoanza na 07, lenyewe linadhani ni hesabu, linameza sifuri. Mteja mmoja yumo mara tatu: Mohamed, Muhamed, Mohd, kila mmoja na deni lake! Hifadhidata, yaani programu maalumu ya kutunza taarifa, ingempa mteja namba moja, na kila deni likaelekezwa kwenye namba hiyo. Mfumo huo wa majedwali yanayohusiana Edgar Codd wa IBM aliuchapisha mwaka 1970. Siyo mambo ya juzi. Na SQLite, programu mojawapo ya hifadhidata, ni ya bure, haihitaji hata seva, kwa hiyo msinipe kisingizio cha bajeti.

Msidhani ni sisi tu. Uingereza mwaka 2020 karibu wagonjwa 16,000 wa korona walichelewa kuingia kwenye takwimu, kwa sababu faili la Excel la mtindo wa zamani linaishia mistari 65,536. Likijaa limejaa.

Kwa hesabu za mwisho wa mwezi, sina ugomvi na Excel. Ila hizi rangi za kwenye mistari! Njano amelipa, kijani amelipa nusu, bluu sijui nini, na aliyezipaka yuko likizo, simu haipatikani.