Bongo Wetu Walio Ughaibuni

Nimezaliwa Nyeri. Msitu wa Aberdare nilikuwa nauona kila asubuhi nikienda shule, lakini bongo, yule swala mkubwa wa msituni, nilikuja kumwona kwa macho yangu nchini Marekani, nilipokwenda kumtembelea dada yangu. Tulikuwa tumempeleka mwanawe kwenye bustani ya wanyama, siku ya baridi kali. Bongo alisimama karibu kabisa na uzio, anatafuna majani taratibu. Manyoya yake mekundu kama udongo wa kwetu baada ya mvua, na ubavuni ile mistari myeupe, kana kwamba mtu alichovya kidole kwenye chokaa akakivuta kutoka mgongoni hadi tumboni. Kwenye kibao palikuwa na ramani ya Afrika yenye doa moja dogo: Kenya.

"Mjomba, nyumbani ulikuwa unawaona?"

Nilimwambia hapana. Jibu hilo limenikaa kooni hadi leo.

Bongo wa milimani hana kwao kwingine duniani ila Kenya: Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Eburu. Waliobaki porini wanakadiriwa kutofika 100. Walioko katika bustani za Amerika Kaskazini ni mara kadhaa ya hao, na ni uzao wa wanyama waliokamatwa kwetu miaka ya 1960 na 1970. Wapo Wakenya wanaosema tuliibiwa. Uchungu wao naujua, ila sikubaliani nao. Wakati wale waliochukuliwa wakizaliana ng'ambo, huku nyumbani tuliwamaliza wenyewe kwa mitego ya waya, kwa wawindaji na mbwa wao, kwa kufyeka msitu. Kama wasingechukuliwa, leo tungekuwa na nini cha kurudishiwa?

Hata hivyo, kumweka mnyama salama na kumrudisha kwao ni kazi mbili tofauti. Faru mweupe wa kaskazini aliyeitwa Nola alitunzwa vizuri sana San Diego hadi alipokufa Novemba 2015. Utunzaji ule haukuuokoa ukoo wake. Leo wamebaki majike wawili tu, Najin na Fatu, pale hifadhi ya Ol Pejeta hapa Kenya, na wanasayansi wanahangaika na mayai na chembe hai zilizogandishwa. Bongo bado hajafika huko, na hilo ndilo linalonifanya niandike sasa.

Mwaka 2004 bongo 18 kutoka bustani za Marekani waliletwa kwa ndege hadi kituo kilicho karibu na Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Baadhi yao waliuawa na ugonjwa wa kupe wa jamii ya ndigana. Mfugaji yeyote wa Nyeri anajua ndigana inavyomfanya ndama: homa, tezi kuvimba, pumzi kukata. Wanyama waliozaliwa kwenye nyasi zilizofyekwa na kupuliziwa dawa hawakuwahi kukutana na kupe wetu. Ikachukua miaka mingi ya kuzalisha watoto hapahapa hadi 2022, ndipo wa kwanza wakafunguliwa kwenye hifadhi ya Mawingu, msituni hasa. Februari 2025 wakaja wengine 17 kutoka Florida. Nilitazama picha za makreti yakishushwa Nairobi usiku ule, machozi yakanilengalenga.

Lakini kati ya 2004 na 2025 ni miaka 21! Hiyo ni mingi mno. Kila kizazi kinachozaliwa nyuma ya uzio kinazidi kuwa kigeni kwa chui, kwa kupe na kwa baridi ya mianzi ya Aberdare. Ningependa kila bustani yenye bongo iandike kwenye kile kibao, chini ya ramani, imerudisha wangapi na lini. Mtoto anayelipa kiingilio ana haki ya kusoma hilo.

Na sisi je? Tunashangilia ndege ikitua, huku kuna mpango wa kutengeneza barabara ya Ihithe hadi Ndunyu Njeru kupitia katikati ya Aberdare. Wakulima wa viazi wa Nyandarua wanahitaji barabara nzuri, nami nina ndugu miongoni mwao. Ipitishwe pembeni ya msitu, hata kama ni ndefu zaidi. Palipo na lori usiku, mnyama mwoga kama bongo hakai, na mwenye mtego hupata njia rahisi ya kuingia.

Mpwa wangu anakuja Desemba na ameniomba nimpeleke msituni. Nimezungumza na mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi amekuwa akifuata nyayo za bongo pamoja na askari wa msitu. Ameniambia tujiandae kutembea tangu alfajiri, tuvae mabuti, na tukibahatika sana tutaona kwato kwenye matope na mavi mabichi. Nimemwambia kijana hivyo hivyo kwenye simu. Amesema atakuja na buti zake.